Marupurupu ya madereva wa malori na mzigo unaokawia njiani

DEREVA wa lori la masafa marefu nchini Kenya hulipwa kwa mikondo miwili ambayo ni nadra kulingana. Kuna mshahara wa mwezi, ambao aghalabu huwa mdogo, na kuna posho ya safari, ambayo madereva wenyewe huiita mileji. Posho hiyo hutolewa lori linapoondoka Mombasa. Ndiyo inayomlisha dereva na utingo wake, ndiyo inayolipia maegesho ya usiku, na ikibakia chochote, hutumwa nyumbani. Mwajiri huikadiria kwa kuangalia mwisho wa safari: Nairobi, takriban kilomita 480; Malaba, zaidi ya kilomita 900; au Kampala, karibu kilomita 1,170.

Katika kampuni nyingi kiasi hicho hakiongezeki safari inaporefuka kwa siku badala ya kilomita. Lori likikwama siku nne mpakani, dereva huendelea kutumia pesa zile zile alizokabidhiwa Mombasa, na siku hizo nne humkosesha safari nyingine ambayo ingemletea posho mpya. Ndiposa mzigo unapokawia, wa kwanza kupungukiwa ni yule aliyeshika usukani, ingawa hana usemi wowote kuhusu hati za forodha.

Sababu za kukawia ni nyingi katika barabara hii inayoitwa Ushoroba wa Kaskazini. Kuna mizani ya Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hairuhusu lori na mzigo wake kuzidi tani 56. Lililozidisha uzani huzuiliwa hadi mzigo upangwe upya au upunguzwe. Dereva hakuwepo kontena ilipopakiwa ng'ambo, wala hawezi kuifungua ikiwa imetiwa lakiri ya forodha, lakini yeye ndiye anayelala hapo.

Hali mpakani iliboreka baada ya nchi za ushoroba kuanza kutoza ushuru kabla ya mizigo kuondoka bandarini, mpango ulioanza mwaka 2014. Mnamo Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo maafisa wa Kenya na Uganda hufanya kazi mahali pamoja. Hata hivyo foleni hazikuisha. Mwaka 2020, masharti ya kupima virusi vya corona yaliwafanya madereva kukaa barabarani kwa siku kadhaa nje ya Malaba. Januari 2022 Uganda ilipotaka kila dereva apimwe kwa ada ya dola 30, walizima injini na kugoma. Petroli ilipanda bei Uganda, na ada hiyo ikaondolewa. Ilikuwa mara chache mno kwa kilio cha dereva kusikika hadi Kampala.

Pigo jingine lilitoka kwenye reli. Treni za mizigo za reli ya kisasa zilianza kazi Januari 2018, na Agosti 2019 serikali ikaagiza mizigo yote ya Nairobi na bara isafirishwe kwa treni. Maandamano yalizuka Mombasa. Mahakama Kuu ilibatilisha agizo hilo Novemba 2020, na Septemba 2022 Rais William Ruto akaamuru shughuli za kuidhinisha mizigo zirejeshwe Mombasa. Kabla ya hapo, malori mengi yalikuwa yameegeshwa, na asiyekuwa na safari hakuwa na posho. Miji kama Mtito Andei, inayotegemea malori kwa hoteli na maduka yake, ilihisi makali hayo.

Kisheria, dereva si kibarua wa safari moja moja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko kila juma, na siku 21 za likizo yenye malipo baada ya mwaka mmoja. Akiugua, baada ya kuhudumu miezi miwili, hupata siku 7 kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara. Sheria ya fidia kwa majeraha kazini, ya mwaka huo huo, humlazimu mwajiri kuwakatia wafanyakazi bima. Tangu Februari 2023 mchango wa hazina ya uzeeni, NSSF, ni asilimia 6 ya mapato yanayohesabiwa, na mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. Lakini mileji mara nyingi haimo katika hati ya mshahara. Mtu aliyeishi kwa posho miaka 20 huenda akastaafu kwa akiba ya mshahara ule mdogo.

Sheria ya Trafiki nayo hukataza kuendesha gari la kibiashara zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Ni sheria njema, ila mfumo wa kulipa kwa safari unamvuta dereva upande mwingine: aliyepoteza siku mbili kwenye foleni hujaribu kuzifidia usiku, tena kwenye miteremko kama ya Salgaa, ambako wengi wameangamia.

Zaidi ya hayo kuna makato. Mafuta yakipungua au mzigo ukiharibika, waajiri wengine hukata moja kwa moja kwenye mshahara. Sheria ya Ajira huruhusu kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyosababishwa na mfanyakazi kwa makusudi, na kwa jumla makato hayapaswi kuzidi thuluthi mbili za mshahara. Mzozo ukifika mahakamani na mwajiri akose kutoa mkataba wa maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti anayoyadai dereva. Kesi hiyo sharti iwasilishwe ndani ya miaka 3.