Hamira zilizozidi uzito

Hamira hii hii ya maandazi ndiyo iliyofichua jinsi seli inavyosafirisha mizigo yake. Lakini turudi nyuma kidogo, kwa George Palade. Kwa kutumia hadubini ya elektroni na viambata vyenye mionzi, alifuatilia protini ndani ya seli za kongosho la simbilisi. Akaona zinafungashwa kwenye vifuko vidogo vya utando, yaani vesikeli, kisha vifuko vinaungana na utando wa nje na kumwaga mzigo. Nobel ya 1974 ikamfikia. Sawa, lakini nani anaviendesha hivyo vifuko? Picha haionyeshi jeni.

Randy Schekman, akiwa mhadhiri mpya kule Berkeley, aliamua kuuliza hamira. Ombi lake la kwanza la fedha likakataliwa. Hata hivyo yeye na mwanafunzi wake, Peter Novick, wakaanza kutafuta hamira zenye hitilafu: kwenye nyuzijoto 25 zinaishi vizuri, kwenye 37 usafirishaji unakwama. Mwaka 1979 wakatangaza ya kwanza, sec1. Ndani yake vesikeli zimerundikana kama daladala kwenye foleni.

Kuzitafuta mojamoja ni kazi ya kuchosha, na hapa ndipo ninapopapenda mimi. Vesikeli hazibebi protini tu. Utando wake ndio unaoongeza eneo la nje ili seli ikue. Sasa zikikwama, seli inaendelea kutengeneza protini ila haitanuki, kwa hiyo inakuwa nzito kwa ujazo ule ule. Basi ukizizungusha kwenye mashinepewa, zenye hitilafu zinazama chini zenyewe! Kufikia 1980 walikuwa na jeni 23.

Wakati huohuo James Rothman alikuwa anachambua seli za mamalia kwa njia ya kemia. Mwaka 1989 ikabainika kwamba protini yake moja, NSF, ni ileile ya jeni SEC18 ya hamira. Wawili hao, pamoja na Thomas Südhof aliyechunguza neva, walipata Nobel mwaka 2013.

Na pepopunda? Mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba sumu yake hukata protini inayounganisha vesikeli na utando wa neva. Ujumbe wa kutuliza misuli unabaki umefungwa ndani ya vifuko, na taya la mgonjwa linakakamaa.