Tabia ya meneja wa baa hupimwa vipi leseni inapofanywa upya?

KILA ufikapo wakati wa kufanya leseni upya, wenye mabaa katika kaunti za Meru na Embu hujitayarisha kwa ada, rangi mpya ukutani na choo kilichosafishwa. Ni wachache wanaojitayarisha kwa swali ambalo sheria inaliweka miongoni mwa yale ya kwanza: je, mwombaji ni mtu anayestahili kuachiwa biashara ya vileo?

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi wanaijua kwa jina la aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, John Mututho, ilianza kutumika Novemba mwaka huo. Iliifuta Sheria ya Leseni za Pombe, sura ya 121, pamoja na ile iliyopiga marufuku chang'aa. Kuhusu leseni mpya, kamati ilipewa uhuru mpana wa kukataa. Kuhusu leseni iliyopo, mkono wake ulifungwa. Kamati inaweza kukataa kuihuisha pale tu inaporidhika kwamba mwenye leseni hafai, au amehukumiwa kwa kosa chini ya sheria hiyo, au biashara inaendeshwa isivyofaa, au masharti ya leseni hayakutimizwa, au jengo lenyewe ni bovu na halina vyoo vya kutosha.

Neno "pale tu" ndilo la kuzingatiwa. Aliye na leseni tayari ameweka mtaji, ameajiri watu na pengine amekopa benki. Hawezi kunyimwa riziki kwa sababu mwenyekiti wa kamati hapendi pombe.

Chini ya Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za vileo ulihamishiwa serikali za kaunti, na Meru na Embu zikatunga sheria zao. Yaliyokuwa mamlaka ya mkuu wa wilaya, ambaye enzi za sura ya 121 aliongoza mahakama ya leseni, sasa yamo katika taasisi za kaunti. Kipimo cha mtu anayefaa, hata hivyo, hakikuzaliwa juzi. Kimerithiwa kutoka sheria za Uingereza na kimedumu kila sheria inapobadilishwa.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Leseni huandikwa jina la mwenye baa, naye mara nyingi ni mwalimu, mfanyabiashara wa miraa wa Maua au mtu anayeishi Nairobi na kuja mwisho wa mwezi kuhesabu fedha. Anayefungua mlango, kupokea kreti, kumhudumia mteja na kumkatalia aliyelewa ni meneja. Kamati inayompima mwenye leseni pekee humpima mtu asiyekuwapo. Lakini sheria inauliza pia jinsi biashara inavyoendeshwa, na swali hilo haliwezi kujibiwa bila kumtazama meneja. Akiuza kabla ya saa kumi na moja jioni siku ya kazi, au akiendelea baada ya saa tano usiku, saa ambazo sheria ya 2010 iliziweka, anayehatarisha leseni ni tajiri wake. Ni vivyo hivyo akimruhusu kijana asiyetimiza miaka 18 kuketi kaunta.

Wakazi wa Embu hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Mapema Mei 2014, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu 60 nchini, na Embu ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Wengine walinusurika wakiwa vipofu. Methanoli haijulikani kwa kuonja. Kinga ya mnywaji ni mtu aliyenunua shehena ile: alijua imetoka wapi? Aliuliza kwa nini bei ni ya chini kiasi kile? Aliikagua mihuri ya chupa? Tabia ya meneja, katika maana inayoihusu kamati, ni hiyo hasa.

Kwa ushahidi, wengi hukimbilia cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Ni karatasi muhimu, lakini husema jambo moja tu: kama alama za vidole vya mtu huyo zinaambatana na rekodi ya uhalifu. Haisemi kama hulipa wahudumu wake, wala kama hufunga kwa wakati. Rekodi ya kituo cha polisi husema zaidi, kwa kuwa kitabu cha matukio huonyesha ni mara ngapi vita vilizuka katika baa hiyo na ni nani aliyepiga simu. Hili la pili husahauliwa. Meneja anayewaita polisi mara kwa mara anaweza kuonekana ana baa ya fujo, ilhali jirani yake anayewamalizia wateja ugomvi gizani hana hata mstari mmoja kitabuni.

Wala neno la polisi si la mwisho. Februari 2024, watu zaidi ya 10 walipofariki Kangai, kaunti jirani ya Kirinyaga, iliripotiwa kwamba kinywaji kile kilikuwa kielelezo kilichotoweka kutoka kituo cha polisi.

Ripoti ya afisa wa afya ya umma, stakabadhi za ununuzi na maelezo ya chifu hukamilisha picha. Huko Meru, neno la wazee wa Njuri Ncheke lina heshima kubwa, ila sheria ya 2010 haiwataji. Wakija mbele ya kamati huja kama mashahidi, nao waulizwe waliona nini.

Na si kila kinachoitwa tabia ni tabia. Meneja mwanamke husemwa mengi kwa sababu tu anafanya kazi usiku. Kuachika, kutohudhuria kanisa au kuunga mkono mwanasiasa fulani hakuonyeshi jinsi mtu anavyoendesha baa. Nchini Uingereza, katika kesi ya Sharp dhidi ya Wakefield ya 1891, mahakama ya juu kabisa ilikubali kwamba mahakimu wa leseni wana hiari hata leseni inapofanywa upya, ila ikasisitiza kuwa hiari hiyo itumike kwa mujibu wa sheria na haki, si kwa maoni ya mtu binafsi. Hapa Kenya, Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 zimekwenda mbali zaidi: anayeelekea kuathiriwa aarifiwe, asikizwe na apewe sababu kwa maandishi.

Jirani mwenye malalamiko naye ana nafasi yake. Sheria ya 2010 iliagiza maombi yatangazwe kwa siku zisizopungua 21, na mtu yeyote anaweza kuyapinga kwa maandishi akitaja sababu. Barua yenye tarehe, saa na tukio huwa na nguvu kuliko sahihi 100 chini ya sentensi isemayo baa hiyo "inaharibu vijana".

Mwenye baa mwerevu huwasilisha maombi kabla leseni haijaisha, kwani chini ya sheria hiyo leseni ya zamani huendelea kutumika hadi uamuzi utolewe. Kama amebadilisha meneja katikati ya mwaka, aiarifu kamati mapema na kuandika sababu. Akinyimwa, adai uamuzi kwa maandishi kabla ya kuondoka, kwa maana rufaa yake itajengwa juu ya karatasi hiyo.