Mfalme Edward wa Sita na Lugha ya Sala

Katika habari za wafalme wa Uingereza, Edward wa Sita hutajwa kwa maneno machache, kwa kuwa alitawala miaka sita tu. Walakini katika miaka mitatu ya kwanza ya enzi yake lilitendeka jambo liwapasalo walimu na makasisi kulifikiri, nalo ni kubadilishwa kwa lugha ya ibada kwa amri ya serikali.

Edward alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1537, na mama yake, Jane Seymour, akafa siku 12 baadaye. Baba yake, Henry wa Nane, alifariki tarehe 28 Januari 1547. Mtoto akatawazwa Westminster tarehe 20 Februari, naye ana umri wa miaka 9. Henry alikuwa amewachagua watu 16 waangalie mambo ya ufalme, lakini baada ya siku chache mjomba wake mfalme, Edward Seymour, alifanywa Mlinzi wa ufalme, akaitwa Duke wa Somerset. Basi amri zilitoka kwa jina la mtoto, nazo zilikuwa shauri la watu wazima.

Mwaka ule ule iliagizwa kwamba Waraka na Injili katika Misa kuu zisomwe kwa Kiingereza. Mwaka 1548 zikaongezwa sala za Kiingereza za kupokea Komunyo. Kisha, Januari 1549, Bunge lilipitisha sheria ya kwamba Kitabu cha Sala, ambacho mtengenezaji wake mkuu alikuwa Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, kitumike katika makanisa yote tangu Pentekoste, tarehe 9 Juni. Kusudi lake lilikuwa jema: watu wafahamu waombayo.

Lakini kule Cornwall, upande wa magharibi, wengi walisema Kikornishi, lugha iliyo ndugu ya Kiwelisi, isiyofanana na Kiingereza hata kidogo. Watu wa Cornwall wakainuka. Na siku iliyofuata Pentekoste watu wa Sampford Courtenay, katika Devon, wakamlazimisha kasisi wao kurudia Misa ya zamani. Makundi hayo yakaungana, yakauhusuru mji wa Exeter tangu tarehe 2 Julai hata tarehe 6 Agosti. Hawakuchukizwa na lugha tu. Walizililia desturi za baba zao, hata na kodi mpya ya kondoo iliwaudhi. Walakini katika madai yao waliandika kwamba ibada mpya ni kama mchezo wa Krismasi, na kwamba watu wa Cornwall, ambao baadhi yao hawajui Kiingereza, waikataa. Cranmer akawajibu kwa kuwauliza: Je, wajuao Kilatini kwenu ni wengi kuliko wajuao Kiingereza?

Swali hilo lilikuwa kali, wala hawakuwa na jibu rahisi, maana wao wenyewe walitaka Kilatini. Lakini hapana upande uliosema, Na tuombe kwa Kikornishi. Agosti jeshi la serikali likawashinda, na maelfu wakauawa. Oktoba Somerset naye akaondolewa katika ulinzi. Januari 1552 alikatwa kichwa, na mfalme akaliandika jambo hilo kwa maneno machache katika kitabu chake cha kumbukumbu. Edward mwenyewe alikufa tarehe 6 Julai 1553.

Wakati ule Kikornishi hakikupewa Kitabu cha Sala, nacho kikazidi kupungua, hata mwisho wa karne ya 18 kikakoma kuwa lugha ya kila siku ya watu wake. Jirani zao wa Wales walipata sheria ya kutafsiri mwaka 1563, Kitabu cha Sala na Agano Jipya mwaka 1567, na Biblia nzima mwaka 1588. Na Kiwelisi chasemwa hata leo. Hatusemi kwamba kitabu peke yake huokoa lugha, ila twaona kwamba kukosa kitabu kulikidhuru Kikornishi.

Sisi tusalio kwa Kiswahili tumerithi kusudi lile jema la Cranmer. Basi yafaa tukumbuke kwamba kwa mzee wa kijijini asiyekijua vema, Kiswahili chetu chaweza kuwa kama kile Kiingereza cha Cornwall. Kabla ya kumhesabu kuwa mgumu wa moyo, na tumwulize yeye huomba kwa lugha gani akiwa nyumbani kwake.