Nani Alibeba Blanketi? Historia Fupi ya Kufungasha kwa Ajili ya Baridi ya Kilimanjaro

Mwezi wa saba Vwawa haina utani. Asubuhi ukifungua mlango unatoa moshi mdomoni, wazee wanaota jua ukutani, na kila bodaboda amevaa koti kubwa na mzula. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Anayeshuka kwenye basi kutoka Dar es Salaam akiwa na shati la mikono mifupi tunamtambua hapo hapo.

Kwa hiyo wenzangu watatu wa chuo waliposema twende tukalale kwenye vibanda vya Kilimanjaro, njia ya Marangu, tuishie Horombo, nilijiona mtaalamu. Baridi naijua, nimezaliwa nayo. Nikafungasha: suruali tatu za jinzi, masweta manne ya pamba, blanketi zito la kitandani, viatu vya akiba, na kompyuta mpakato eti nitaandika. Pale getini mpagazi aliyepangiwa begi langu, kaka mmoja aliyenizidi kama miaka kumi, alilinyanyua akaniangalia. "Mdogo wangu, humu kuna nini?" Tukacheka. Yeye akalibeba.

Siku ya pili, tukiwa njiani kwenda Horombo, mvua ya rasharasha ilitunyeshea saa mbili nzima. Masweta yangu mawili yalilowa mwilini, na mengine mawili yalilowa ndani ya begi, kwa sababu sikuwa nimeyafunga kwenye mfuko wa plastiki. Usiku nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Yule kaka akaja na sweta lake la sufu, kuukuu, akanipa. Nikalivaa. Sikumuuliza yeye amebaki na nini.

Niliporudi Vwawa, swali hilo ambalo sikuuliza lilinisumbua. Nikaanza kusoma habari za watu waliopanda mlima ule zamani: walibeba nini, na nani alibeba?

"Fedha" iliyogeuka maji

Safari ya zamani niliyoikuta haikuwa ya Mzungu. Mmisionari Johannes Rebmann alisimuliwa kwamba Mangi Rengwa wa Machame, babake Mangi Mamkinga, aliwahi kutuma kundi la watu juu ya mlima wakaangalie kile cheupe kinachong'aa. Ilidhaniwa huenda ni fedha. Wengi hawakurudi. Aliyenusurika, mtu aitwaye Sabaya, alirudi akiwa na mikono na miguu iliyoharibika, imejikunja kabisa. Watu walisema ni pepo wa mlima.

Tuangalie kilichotokea mwilini mwa Sabaya. Mwili ukipoa sana, unabana mishipa midogo ya damu kwenye vidole ili joto libaki kwenye moyo, mapafu na ubongo. Vidole vinaachwa vijitegemee. Vikikaa muda mrefu kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri, maji yaliyomo ndani ya nyama huganda kuwa barafu na kuziharibu seli. Ukifika hapo hakuna moto wa kukurudishia vidole. Wale watu hawakukosa ujasiri. Walitoka kwenye migomba ya Machame, na nchi ya migomba haimfundishi mtu kuvaa kwa ajili ya barafu.

Mwavuli wa Rebmann

Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann mwenyewe aliuona mlima kwa mbali. Alikuwa ametoka Rabai, karibu na Mombasa, na watu wachache tu wakiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara. Silaha yake inayokumbukwa mpaka leo ni mwavuli. Aliona weupe akadhani ni wingu. Alipomuuliza mwongozaji wake, jibu alilopewa lilikuwa neno moja tu: baridi.

Neno hilo lilikuwa na taarifa nyingi kuliko ilivyoonekana. Kule London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alibisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Wakati huo Wachagga walishajua kwamba kile cheupe ni maji tu, na kwamba mito yao inatoka huko. Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda mpaka kama mita 4,300, theluji ikawaangukia. Polepole ubishi ukaisha.

Kwa nini kuwe na baridi hivyo na jua la ikweta liko pale pale? Kwa wastani, kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi 6.5. Horombo iko takriban mita 3,700, yaani zaidi ya mita 2,000 juu ya Vwawa. Alfajiri ya nyuzi 10 hapa kwetu, kwa makadirio, ni nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri kule. Utaalamu wangu wote wa Vwawa uliishia kwenye hesabu hiyo ndogo ambayo sikuifanya.

Aliyekaa kwenye hema

Sasa tuje kwa Hans Meyer, Mjerumani anayetajwa kwenye vitabu vya shule. Mwaka 1887 alipanda zaidi ya mita 5,000, akakuta ukuta wa barafu, na vifaa vya barafu hakuwa navyo. Akageuka. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika: alinaswa kwenye vita vya Abushiri kule pwani, akaachiwa kwa kulipa. Mwaka 1889 akarudi na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller, safari hii wakiwa na mashoka ya barafu ya kuchongea ngazi hatua kwa hatua. Tarehe 3 Oktoba walifika kwenye ukingo wa kreta, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni.

Mashoka yalisaidia, ila tatizo kubwa la mlima ule kwa mtu wa wakati huo lilikuwa chakula. Mwili unaopambana na baridi unachoma chakula haraka, na huwezi kubeba mwenyewe cha wiki mbili. Meyer aliweka kambi kwa ngazi, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu, kwa Mangi Mareale, kila baada ya siku chache. Kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, ilikuwa na mtu wa tatu: Mwini Amani, mtu wa Pangani. Fikiria, mtu wa pwani kabisa, wa minazi na mikoko, analinda hema na kupika huku maji yakiganda usiku. Wale wawili walipanda wakijua kuna moto unawangoja.

Marangu pia anakumbukwa Yohani Kinyala Lauwo kama mwongozaji wa safari hiyo. Mwaka 1989, miaka 100 baadaye, Mzee Lauwo alikuwa bado hai. Hata hivyo, ukimuuliza mwanafunzi leo nani alipanda Kilimanjaro kwanza, utatajiwa jina moja, ukibahatika mawili.

Vibanda vinabadili majina

Vibanda vya mwanzo vilijengwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vikaitwa Bismarck na Peters. Hiki cha pili kilipewa jina la Carl Peters, ambaye watu wa Kilimanjaro walikuwa na sababu nyingi za kutomkumbuka kwa wema. Leo mahali hapo panaitwa Mandara na Horombo. Mandara ni Mangi Rindi wa Moshi, Horombo ni Mangi wa Keni, Rombo. Na kilele kilichoitwa Kaiser Wilhelm kikawa Uhuru. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge huko juu na kusimika bendera.

Majina yamerudi nyumbani. Mzigo bado uko mgongoni pale pale. Taratibu za hifadhi zinataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizani iko getini. Tangu mwaka 2003 kuna mradi mjini Moshi, KPAP, unaowaazima wapagazi makoti, viatu na glavu bila malipo. Kwamba mradi wa namna hiyo unahitajika, tena zaidi ya karne moja baada ya Meyer, kunatosha kutueleza kitu.

Kwa hiyo ufungashe nini?

Kama unakwenda Kilimanjaro, Kitulo, au popote penye jalidi alfajiri, sayansi yenyewe ni fupi. Nguo haitengenezi joto. Inazuia hewa iliyopashwa na mwili wako isikimbie. Ndiyo maana nguo tatu nyepesi zinashinda koti moja zito, na koti la juu kazi yake ni kukata upepo na mvua. Adui mkubwa ni unyevu, kwa sababu maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Pamba ikilowa, zile nafasi za hewa zinajaa maji. Sufu inaweza kunywa unyevu mwingi, hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake, kabla hujajihisi umelowa. Kwa hiyo acha jinzi nyumbani, na kila nguo kavu ifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Kwenye marobota ya mitumba pale Tunduma sweta la sufu halisi ni la kutafuta tu. Soma kitambulisho cha ndani ya shingo, usidanganywe na unene. Nimejipatia mawili msimu huu.

La kwangu moja linatosha. La pili nimelikunja, na safari nyingine nitalipeleka Marangu kwa yule kaka. Lake nilimrudishia asubuhi ile pale Horombo, likiwa na joto langu. Alilivaa, akainama, akajitwisha begi langu lenye jinzi tatu mbichi na kompyuta ambayo sikuiwasha hata mara moja.

Safari ijayo, kabla sijafunga zipu, kila kitu nitakiuliza maswali mawili: kitanipa joto kikilowa? Na nani atakibeba?