Homa ya ini aina ya B: Kutohisi maumivu si kupona

WENGI hugundua kwamba wana virusi vya homa ya ini aina ya B kwa sadfa tu, pengine walipokwenda kutoa damu au walipohudhuria kliniki ya wajawazito. Kwa kuwa hawahisi maumivu, baadhi yao huyapuuza majibu hayo. Hilo ni kosa kubwa.

Ugonjwa huu huitwa sugu virusi vinapodumu mwilini kwa zaidi ya miezi 6. Vinaweza kulishambulia ini kimyakimya kwa miaka mingi, hadi lijae makovu au lipatwe na saratani. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka wa 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu sugu.

Je, aliyeambukizwa afanye nini?

Kwanza, asikose kliniki. Damu hupimwa mara kwa mara ili kujua wingi wa virusi na hali ya ini. Si kila mtu huhitaji dawa mara moja, lakini hali yake yaweza kubadilika.

Pili, aliyeandikiwa dawa kama tenofovir aimeze kila siku. Dawa hii huzuia virusi kuzaana, ingawa ni nadra iviangamize kabisa. Kuiacha bila ushauri wa daktari huweza kuufanya ugonjwa ulipuke upya.

Tatu, aepuke pombe na mahindi yaliyoota kuvu. Sumu ya aflatoksini, ambayo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004, huzidisha hatari ya saratani ya ini kwa mwenye virusi hivi.

Nne, awakinge jamaa zake. Virusi huenea kupitia damu, ngono, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kwa hivyo, wembe na mswaki visitumiwe na watu wawili. Mjamzito amwarifu mkunga mapema ili mtoto akingwe punde tu anapozaliwa.

Hata hivyo, virusi havienei kwa kusalimiana wala kula sahani moja. Hakuna haja ya kumtengea mgonjwa kikombe chake.

Mwenzi wake na watoto wapimwe, na wasioambukizwa wachanjwe. Chanjo hii iliingizwa katika mpango wa kitaifa wa watoto mwaka wa 2001, hivyo Wakenya wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata.