Kiendesha-geti

Kiendesha-geti ni saketi inayojaza na kuondoa chaji kwenye geti la transista ya nguvu ili iwake na kuzimika haraka. Katika inveta za betri ya volti 12, zinazowasha taa majumbani umeme ukikatika, hutumika transista kama IRF3205. Geti lake huchukua hadi nanokulombi 146. Kulijaza kwa nanosekunde 100 kunahitaji takriban ampea 1.5. Saketi ya kiendesha-geti IR2110, yenye kilele cha ampea 2, inatosha transista moja. Zikiwa nne sambamba, inazidiwa. Volti za geti ziwe 10 hadi 15, kamwe zisizidi 20. Kiendesha dhaifu ni hatari kubwa: transista hukawia kati ya kuwaka na kuzimika, hupata joto, huungua. Fundi anayebadilisha transista iliyoungua apime kwanza kiendesha cha transista hiyo.