Msamaha ulitangazwa hapa Dodoma, kazi je?

Boom bado halijatoka, kwa hiyo leo tupige stori ya historia, haina gharama.

Tarehe 9 Desemba 2017 sherehe za Uhuru zilifanyika hapa hapa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri. Rais Magufuli akatangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Kati yao 1,828 watoke mara moja, 6,329 wapunguziwe muda. Muulize mtu yeyote anakumbuka nini siku ile, atakutajia Babu Seya na mwanawe Papii Kocha, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004. Sawa, wale ni wanamuziki, na Papii alirudi studio. Je, wale wengine wasio na jina walirudi wapi?

Tusidanganyane kwamba mfungwa hajui kazi. Jeshi la Magereza lilitenganishwa na polisi mwaka 1931, na tangu enzi za mkoloni wafungwa wamelima na kujenga. Mwaka 1974 likaundwa Shirika la Magereza kwa ajili ya uzalishaji. Samani za Ukonga zinajulikana, viatu vya Karanga kule Moshi pia, na gereza la Ruanda, Mbeya, lina chuo cha ufundi. Sheria ya parole ikaja 1994, ya huduma kwa jamii 2002. Ila angalieni: yote hayo yanamhusu mtu akiwa bado mikononi mwa serikali. Akishavuka geti, basi. Fundi mzuri tu anafika kwa mwajiri, anaulizwa cheti cha tabia njema cha polisi, stori imeishia hapo.

Wenzetu kwingine walijibu swali hili kwa chakula. Los Angeles, padre Greg Boyle alifungua kiwanda cha mikate mwaka 1992 kwa vijana waliotoka kwenye magenge, na baadaye mkahawa ukafuata. Singapore, Benny Se Teo, mwenyewe aliwahi kufungwa, alianzisha Eighteen Chefs mwaka 2007, akaajiri waliotoka jela. Wateja wake wengi? Wanafunzi, maana bei inashikika.

Kwa nini jikoni? Chukua dim sum, vile vitafunwa vya Wachina wa Kantoni vinavyoliwa na chai, vingi vikipikwa kwa mvuke kwenye vikapu vya mianzi. Kuna kukanda unga, kusukuma, kujaza, kukunja. Mikono mingi inahitajika, na kazi unajifunza ukiwa umesimama pale pale mezani. Vipande ni vidogo, mtu analipia anavyoweza. Si mbali sana na sambusa zetu, tofauti ni mvuke na mafuta.

Mimi naona siri ipo kwenye bei. Mkahawa unaotegemea huruma unafungwa huruma ikiisha. Mkahawa wa bei rahisi mteja anakuja kwa sababu ana njaa, kesho anarudi kwa sababu alishiba, na aliyemhudumia anakuwa dada wa chai au kaka wa sambusa, si mfungwa wa zamani tena.

Najua kuna atakayeuliza, na waliodhulumiwa je? Swali la haki kabisa, na msamaha wa 2017 uliwauma watu kweli. Lakini aliyetoka ameshatoka, tunaishi naye mtaani. Akikosa kazi halali, anayefuata kudhulumiwa anaweza kuwa mimi au wewe.

Sasa piga hesabu ya Dodoma. Gereza la Isanga lipo hapa hapa mjini. Chuo chetu kilianza 2007 na kimejaa wanafunzi wenye njaa na pesa kidogo. Wapishi wapo, walaji wapo. Mjasiriamali wa kwanza atakayeweka meza katikati atakuwa ameandika ukurasa uliorukwa tangu 1931.

Mnasemaje wadau, mngekula pale?